IRS Jovem ya Ureno: msamaha wa kodi wa kuwabakiza vijana, tuupime kwenye slipu ya mshahara

Ureno imewapoteza vijana wengi waliosoma kwa gharama ya umma: wauguzi, wahandisi, watengeneza programu. Wanapanda ndege kwenda Ujerumani, Uswisi, Uholanzi na Uingereza, na pasipoti ya Umoja wa Ulaya haiwadai viza popote ndani ya Umoja huo. Serikali imejibu kwa kutumia kodi. Kijana anayefanya kazi nchini anasamehewa kodi ya mapato, yote au sehemu, kwa miaka 10. Huduma hiyo inaitwa IRS Jovem. IRS ni kodi ya mapato ya mtu binafsi, na inapokatwa kwenye mshahara ni sawa na PAYE yetu. Jovem maana yake kijana.

Tunaipima hapa kama huduma nyingine yoyote: unaipataje, inakuachia kiasi gani mkononi, inakwama wapi, na je, kazi iliyowekewa inaifanya. Tunaipa nyota 3 kati ya 5. Kwa aliyekwisha kuamua kubaki, ni pesa halali ambayo ni kosa kuiacha mezani. Kwa aliyeshika barua mbili za ajira, moja ya Lisbon na nyingine ya Munich, haitoshi kumgeuza.

Kilichomo ndani

Ilianza mwaka 2020 ikiwa ndogo sana: miaka 3 tu, msamaha wa asilimia 30, kisha 20, kisha 10, na ilidai uwe umefikia kiwango fulani cha elimu. Ikapanuliwa mara kadhaa, na sura ya sasa ilianza Januari 2025. Sharti la elimu limeondolewa, na umri umesogezwa hadi miaka 35. Mwaka wa kwanza wa kazi msamaha ni asilimia 100. Mwaka wa 2 hadi wa 4 ni asilimia 75, wa 5 hadi wa 7 ni 50, wa 8 hadi wa 10 ni 25. Kuna dari: kwa mwaka 2025 msamaha unagusa mapato ya hadi euro 28,737.50, na kinachozidi hapo kinatozwa kama kawaida. Uraia si sharti. Mgeni anayeishi na kulipa kodi Ureno anaingia kwa mlango uleule.

Tuchukue slipu moja tuikague. Kijana ana shahada, ameajiriwa Lisbon kwa euro 1,400 kabla ya makato. Ureno mshahara hulipwa mara 14 kwa mwaka, yaani miezi 12 pamoja na posho ya likizo na posho ya Krismasi, kwa hiyo mwaka mzima ni euro 19,600. Mstari wa kwanza wa makato ni hifadhi ya jamii, asilimia 11, euro 154. Mstari wa pili ni IRS. Kwa ngazi za kodi za 2025, kijana asiye na mke wala mtoto mwenye mshahara huo angedaiwa takriban euro 2,050 kwa mwaka, sawa na kama euro 146 kwa kila malipo. Bila IRS Jovem anabaki na euro 1,100. Akiwa mwaka wa kwanza wa msamaha anabaki na euro 1,246. Chini yake kuna posho ya chakula, ambayo kwa mwaka 2025 ikiwekwa kwenye kadi haikutozwa kodi hadi euro 10.20 kwa siku ya kazi, na hiyo anaipata kwa vyovyote vile.

Angalia kwamba ule mstari wa hifadhi ya jamii haukuguswa. Wengi husikia "asilimia 100" wakadhani wataondoka na 1,400 yote.

Mwaka wa 2 hadi wa 4, msamaha kwenye slipu hiyohiyo unashuka hadi kama euro 110 kwa malipo. Mwaka wa 5 hadi wa 7 ni 73, na miaka mitatu ya mwisho ni 37. Ukijumlisha miaka yote 10 kwa mshahara usiopanda, serikali imemwachia kijana huyu kama euro 11,300. Ni fedha nyingi, hakuna haja ya kuzidharau. Ila imekuja vipande vipande, na kipande kikubwa kimekuja mwanzoni, wakati ambapo bado hajafikiria kuoa wala kununua nyumba.

Namna ya kuipata, na mahali watu wanapojikwaa

Utaratibu wenyewe si mgumu. Unamwandikia mwajiri kwamba unataka IRS Jovem na unamtajia uko mwaka wa ngapi; mwajiri anapunguza makato kuanzia malipo yanayofuata. Mwaka unaofuata, kati ya Aprili 1 na Juni 30, unapowasilisha ritani kwenye Portal das Finanças, tovuti ya mamlaka ya kodi, unachagua tena msamaha huo ndani ya fomu. Hatua hii ya pili ndiyo inayosahaulika. Kupunguziwa makato kazini hakukuandikishi: ritani ikienda bila chaguo hilo, hesabu inafanywa kana kwamba msamaha haupo, na unaletewa bili ya kodi ambayo mwajiri hakuikata. Aliyesahau kumwambia mwajiri lakini akakumbuka kwenye ritani hapotezi kitu, anarudishiwa fedha zake zote kwa mkupuo.

Kosa la ghali zaidi ni la kuhesabu mwaka. Hesabu haianzi siku uliyoomba msamaha. Inaanza mwaka wa kwanza uliopata mapato ya kazi ukiwa si mtegemezi wa wazazi kwenye ritani yao. Mwanafunzi aliyefanya kazi ya hoteli miezi miwili ya kiangazi mwaka 2021, akajaza ritani yake mwenyewe, ameshautumia mwaka wa kwanza kwa vijisenti ambavyo visingetozwa kodi hata hivyo. Akiwa amefanya kazi kila mwaka tangu hapo, mwaka 2025 anaingia akiwa wa tano, asilimia 50, hata kama hajawahi kuonja msamaha wowote. Kwa upande mwingine, mwaka ambao hukupata mapato ya kazi hauhesabiwi. Aliyerudi shule mwaka mzima bila kazi anaendelea alipoachia, mradi umri haujapita 35.

Na mwaka ni wa kalenda. Ukianza kazi Novemba, mishahara ya miezi miwili imekula mwaka wako wa asilimia 100, na Januari umeshaingia kwenye 75. Kwa kijana wa 1,400 hiyo ni hasara ya kama euro 500 kwa mwaka mzima unaofuata, kwa sababu tu ya tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba. Yako mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kumwomba mwajiri mkataba uanze Januari. La pili linamfaa asiyezidi miaka 25 ambaye mapato yake ya mwaka huo hayakuvuka euro 12,180, kiwango cha mwaka cha kima cha chini cha 2025: abaki mtegemezi kwenye ritani ya wazazi kwa mwaka huo, na saa yake haitaanza kuhesabu. Mzazi anayejua hili amempa mwanawe zawadi.

Mengine tuyapitie haraka. Mwenye waajiri wawili aangalie sana, kwa kuwa kila mmoja atatumia dari lote peke yake na mwisho wa hesabu utadaiwa. Deni la kodi lisilolipwa wala kupangiwa awamu linakuondolea msamaha. Aliyetumia Programa Regressar, mpango wa wanaorejea kutoka ughaibuni ambao huwatoza kodi nusu tu ya mapato kwa miaka 5, hawezi kuchukua na huu. Wanaojitegemea, wale wa "stakabadhi za kijani" kama Wareno wanavyoziita, nao wamo. Wao hudai msamaha wenyewe. Hapa kuna mtego mwingine: hifadhi ya jamii kwa mtu anayejitegemea ni asilimia 21.4, ikikokotolewa juu ya asilimia 70 ya malipo ya huduma zake. Miezi 12 ya kwanza amesamehewa, kisha inamwangukia yote. Kijana anayefanya kazi ofisi moja, bosi mmoja, saa za ofisi, lakini analipwa kwa stakabadhi za kijani, amebebeshwa mzigo ambao msamaha wa IRS hauwezi kuutua.

Nani ananufaika kweli

Hapa ndipo nyota zinapoanza kudondoka. Mwenye kima cha chini, euro 870 mwaka 2025, hapati chochote, kwa sababu hakuwa analipa IRS tangu mwanzo. Mwenye 1,400 anapata kama 2,050 mwaka wa kwanza. Mwenye mshahara unaogusa dari, kama euro 2,050 kwa malipo, anaachiwa zaidi ya 4,300. Kadiri unavyolipwa vizuri ndivyo unavyosaidiwa zaidi. Ukisema lengo ni kumbakiza mwenye kipaji adimu, hoja hiyo ina mantiki yake. Lakini msaidizi wa maabara na fundi wa umeme anayelipwa kidogo juu ya kima cha chini wanaondoka vilevile, na kwao huduma hii ni chungu kitupu.

Halafu kuna mwajiri. Kwa sababu kila mtu anajua kijana atakatwa kodi kidogo, ni rahisi mazungumzo ya mshahara yakahamia kwenye kiasi cha mkononi: "utaondoka na 1,250." Kijana anakubali, kumbe ndani ya hiyo 1,250 kuna 146 ya serikali, si ya kampuni. Mwaka wa pili inapungua kama 37 kwa kila malipo, mwaka wa tano 37 nyingine, wa nane 37, na wa 11 msamaha unakatika kabisa. Mshahara usipopandishwa, mtu anazeeka kazini huku slipu yake ikikonda. Dawa yake ni moja: zungumza mshahara kabla ya makato tu, uandikwe kwenye mkataba, na uombe nyongeza kwenye mwaka wa 2, wa 5, wa 8 na wa 11, ukionyesha hesabu. Mwajiri asiyejua ngazi hizi ataelewa ukimwekea slipu mbili mezani.

Je, inambakiza mtu?

Linganisha na kule vijana wanakokwenda. Ujerumani mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Kwa wiki ya saa 40 hiyo ni zaidi ya euro 2,200 kwa mwezi, kama euro 26,600 kwa mwaka, kabla ya makato. Hicho ni kima cha chini, cha mtu asiye na cheti chochote. Kijana wetu wa Lisbon mwenye shahada ana 19,600. Pengo ni euro 7,000, na IRS Jovem kwenye mwaka wake bora kabisa inarudisha 2,050. Kweli makato ya Ujerumani ni mazito, na maisha ya Munich ni ghali. Lakini mwenye shahada hafiki kule kulipwa kima cha chini, na kwenye mshahara wa taaluma yake pengo linazidi kupanuka.

Upande wa pili ni pango. Lisbon si jambo la ajabu kuona chumba kimoja, ndani ya nyumba ya kuchangia jiko na choo, kikitangazwa kwa euro 500. Zile euro 146 zinafidia chini ya theluthi ya chumba hicho. Hili ndilo linalouma zaidi, kwa sababu mwenye nyumba anaweza kupandisha pango kwa mpangaji mpya kwa mwaka mmoja tu na kuzichukua zote, na fedha ya umma iliyokusudiwa kijana ikaishia kwake. Serikali inalijua hilo. Kuna Porta 65, ruzuku ya pango kwa vijana. Tangu Agosti 2024 wasiozidi miaka 35 wamesamehewa kodi ya kuhamisha umiliki kwenye nyumba yao ya kwanza, hadi kiwango fulani cha bei. Na kuna dhamana ya serikali ya hadi asilimia 15 ili benki ikopeshe bei yote ya nyumba isiyozidi euro 450,000. Hizi mbili za mwisho zinampa mnunuzi nguvu mpya bila kuongeza nyumba hata moja, na sokoni kwenye uhaba matokeo yake yanajulikana: bei inapanda. Kati ya hizo tatu, tungeiweka Porta 65 mbele.

Shirika la Fedha la Kimataifa nalo lilitia shaka mwaka 2024, serikali ilipotaka kwanza kuweka kiwango cha juu cha kodi cha asilimia 15 kwa vijana wote, pendekezo ambalo halikupita. Hoja yake ilikuwa kwamba gharama ni kubwa na uhakika wa kuzuia uhamaji ni mdogo. Tunakubaliana nayo.

Kwa urahisi wa kutumia, Poland inaishinda Ureno waziwazi. Tangu Agosti 2019 aliye chini ya miaka 26 hatozwi kodi ya mapato hadi zloti 85,528 kwa mwaka. Hakuna ngazi wala kuhesabu mwaka wa ngapi. Mwajiri anaitekeleza mwenyewe bila kuombwa, na inakoma siku ya kuzaliwa. Hungaria nayo tangu 2022 imewasamehe walio chini ya miaka 25. Ubaya wa zote mbili ni kwamba zinakatika kwenye umri ambao daktari au mtafiti ndiyo kwanza anamaliza masomo. Kwa urefu wa muda, Ureno imefikiri vizuri zaidi.

Kwa matokeo, mfano unaotufunza zaidi hauko Ulaya. Taiwan ilipoteza wahandisi wake kwa Marekani kwa miaka mingi. Mwaka 1980 ikafungua eneo la viwanda vya teknolojia Hsinchu, jirani na vyuo vikuu viwili na taasisi ya utafiti ya serikali, ikiwa na ardhi iliyotayarishwa, unafuu wa kodi kwa viwanda na hata shule kwa watoto wa wanaorejea. Mwaka 1987 Morris Chang, aliyefanya kazi Marekani kwa miongo mitatu, akaanzisha hapo TSMC, kampuni ya kutengeneza chipu za kompyuta. Wahandisi walirudi kwa sababu kulikuwa na mashine za kuendesha na vyeo vya kushika. Unafuu wa kodi ulikuwepo pia, ila ulikwenda kwa kiwanda kinachoajiri.

Ikiletwa kwetu

Wazo la kuwasamehe vijana PAYE likija Dar es Salaam au Nairobi, lipimwe kwanza kwenye slipu ya huku. Chukua mhitimu wa Tanzania, sekta binafsi, mshahara 800,000. NSSF asilimia 10 inachukua 80,000. Kinachobaki, 720,000, PAYE yake ni 60,000. Kama alisomeshwa na Bodi ya Mikopo, kuna mstari mwingine: asilimia 15 ya mshahara, 120,000. Anaondoka na 540,000. Kumfutia PAYE yote kungemwongezea 60,000. Kupunguza makato ya Bodi kutoka asilimia 15 hadi 7.5 kungemwongezea 60,000 zilezile, bila kufuta deni wala kugusa mapato ya kodi. Angelipa kwa muda mrefu zaidi tu. Mstari mkubwa kuliko yote kwenye slipu ya kijana huyu ni wa mkopo, na nakala ya sheria ya Ureno isingeugusa.

Kenya picha ni nyingine. Kwa viwango vya 2025, mwenye shilingi 50,000 PAYE yake ni kama 5,850, wakati NSSF, SHIF (bima ya afya) na ushuru wa nyumba kwa pamoja vinakaribia 5,125. Msamaha wa Kireno ungefuta ile ya kwanza na kuacha hizi tatu zilivyo. Na pote pawili, wengi wa vijana hawako kwenye orodha ya mishahara kabisa: wana boda, genge, fremu ya simu, au wanafanya kazi za mtandaoni kwa wateja wa nje. Msamaha wa PAYE haujui hata kwamba wapo.

Anayetaka kuitetea sera hii bungeni aanze na ule utaratibu wa Poland wa mwajiri kutekeleza bila kuombwa, achukue muda mrefu wa Ureno, aweke msamaha uwe kiasi kimoja kwa wote badala ya asilimia ya mshahara ili fundi naye aupate, na ahesabu mwaka kwa miezi 12 ya kazi badala ya kalenda. Kisha aulize Bodi ya Mikopo ingehitaji fedha kiasi gani kila mwaka ili makato yashuke kwa nusu kwa miaka 5 ya kwanza ya anayefanya kazi nchini. Hesabu hiyo inaweza kutoka mapema, kwa sababu Bodi tayari inajua nani amekatwa, wapi, na kiasi gani.